Lugha ya fundi wa pili: kuchagua lugha ya seva kwa tovuti za kampuni ndogo

Mama mmoja mfanyabiashara wa hapa Lamu ana nyumba nne za wageni kule Shela, mashua mbili za kutembeza watu, na karakana ya kuchonga milango na makasha huku mjini. Kila biashara ina tovuti yake, na kila tovuti iliandikwa na mtu wake. Siku moja aliniita barazani, akanimiminia kahawa, akaniuliza: “Mwanangu, kijana wa hapa aniambia tuandike upya kwa Node. Wa Mombasa asema PHP. Mpwa wangu wa Nairobi asema zote hizo zimepitwa na wakati. Nishike la nani?”

Nikamuuliza: “Mama, mashua ikipasuka ubao, na fundi aliyeiunda kahamia Mombasa, wafanyaje?”

“Naipeleka kwa fundi mwingine. Kijijini Matondoni mafundi wa mashua wamejaa.”

“Na tovuti ya nyumba ikizimika?”

Akanyamaza. Ilikuwa imeshamzimikia mara moja, nami nitaieleza habari hiyo mbele kidogo.

Mwongozo huu umetokana na kazi tuliyoifanya baada ya kahawa ile. Nimeuandika kwa ajili ya mwenye kampuni na pia kwa kijana anayemwandikia tovuti, maana ugomvi mwingi huzuka kwa kuwa kila mmoja ana lake kichwani. Kanuni yangu ni moja: lugha ya tovuti ya kampuni ndogo ichaguliwe kwa kumfikiria fundi wa pili, yule atakayeipokea kazi fundi wa kwanza akiondoka. Wa kwanza hana shida na lugha yoyote. Yeye ndiye aliyeichagua.

Kwa asiyeijua kazi hii, lugha ya seva, kama hizo PHP na Node, ni ile inayofanya kazi nyuma ya pazia. Mgeni akibonyeza “weka nafasi”, kuna programu kwenye kompyuta ya mbali inayopokea ombi, kutazama kama nyumba iko wazi, kuandika kwenye hifadhidata, kutuma barua pepe na kuomba malipo ya M-Pesa. Rangi, picha na vitufe anavyoviona mgeni ni habari nyingine, na hizo huandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript vyovyote iwavyo.

Hatua ya 1: Andika kazi za tovuti kabla ya kutaja lugha

Chukua daftari. Usiandike “nataka tovuti nzuri”. Andika nani atabonyeza nini, na baada ya hapo nini kitatokea. Sisi tulikaa na daftari asubuhi nzima, na lililotoka humo lilitushangaza sote wawili.

Karakana haihitaji lugha ya seva kabisa. Mlango wa Lamu hauuzwi kama sabuni. Mteja hutoa vipimo, huchagua mbao na nakshi, hubishana bei, kisha hungoja wiki kadhaa. Kikapu cha kununulia mtandaoni alichokuwa amekilipia yule mama hakikuwahi kuuza mlango hata mmoja. Kinachohitajika ni kurasa zilizotulia, picha safi, na kiungo cha WhatsApp. Kurasa za namna hiyo hukaa kwenye seva kama faili tu, hazina hifadhidata, na hazina mengi ya kudukuliwa. Ukigundua kwamba biashara yako ni ya aina hii, umeshamaliza kusoma. Kanunue jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, na uende zako.

Nyumba za wageni zina kazi halisi. Nyumba hiyohiyo hutangazwa kwenye tovuti yake na pia kwenye mitandao mikubwa ya kimataifa ya kukodisha nyumba, kwa hiyo kalenda lazima zisomane. Mitandao hiyo hutoa faili ya kalenda iitwayo iCal, na seva yako inapaswa kuisoma kila baada ya muda fulani. Tena wageni wawili wanaweza kubonyeza kitufe kwa dakika moja. Wengi hudhani lugha ndiyo itakayozuia nyumba kuuzwa mara mbili. Sivyo. Anayezuia ni hifadhidata, kwa kuwekewa sharti kwamba tarehe za nyumba moja haziwezi kupandana. Hifadhidata iitwayo PostgreSQL ina sharti la namna hiyo tayari. Kwa nyingine, MySQL, fundi atafunga safu za jedwali wakati wa kuandika. Muulize fundi wako atazuiaje hilo. Akianza kukusifia lugha yake badala ya kujibu, weka alama kwenye daftari.

Mashua ndizo zilizonifundisha zaidi. Safari ya kwenda kwenye magofu ya Takwa, upande wa pili wa kisiwa cha Manda, hupita mkono wa bahari wenye mikoko usiopitika ila maji yakijaa. Maji nayo husogea yapata dakika 50 kila siku. Hapo huwezi kuandika “safari huondoka saa 3 kila siku” ukalala. Nahodha lazima aweze kuingia mwenyewe, kwa simu, abadilishe saa za wiki ijayo bila kumpigia fundi. Ndiyo kusema ukurasa wa usimamizi ulikuwa na uzito kuliko ukurasa wa wageni, na jambo hilo lilikuja kuamua lugha.

Na hapohapo pana mtego wa saa. Msimu mmoja tovuti ya zamani ilimtumia nahodha ujumbe: “wageni wanne, 10:00”. Nahodha akasoma saa kumi, akaja gatini alasiri na mashua imepambwa. Wageni walikuwa wamesimama pale tangu saa nne asubuhi, na jua lile. Hakuna lugha ya programu itakayokuokoa na hilo. Hifadhi saa zote kwa UTC, saa ya kimataifa ambayo sisi tuko mbele yake kwa saa 3 mwaka mzima, kisha mwandikie mgeni 10:00 na nahodha “saa nne asubuhi”. Mistari mitano ya msimbo, lakini fundi asiyekulia huku hawezi kuifikiria.

Hatua ya 2: Mtafute fundi wa pili kabla ya kumlipa wa kwanza

Sasa kile kisa. Tovuti ya nyumba iliandikwa kwa Ruby na kijana hodari kweli, na kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Akapata ajira ng'ambo, akaondoka kwa heri. Miezi ya masika ikapita kimya, wageni haba, hakuna aliyegundua kitu. Katikati ya Julai, nafasi za Agosti zinapochukuliwa, vivinjari vikaanza kuonyesha onyo jekundu: cheti cha usalama cha tovuti kimekwisha muda. Vyeti vile vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90, kisha programu ndogo kwenye seva huvihuisha yenyewe. Ile programu ilikuwa imesimama. Dawa yake ni amri moja. Lakini hapa kisiwani hapakuwa na mtu mwenye funguo za seva, na wale wawili waliopigiwa simu walisema Ruby hawaijui, hawataki kugusa wasije wakaharibu. Zikapita siku tatu. Wageni wakaenda kukata nafasi kwa mawakala wanaochukua kamisheni yao.

Ruby haikuwa na kosa. Cheti kingeweza kuisha chini ya lugha yoyote. Kilichokosekana ni mtu wa pili asiyeogopa kuingia.

Basi fanya hivi. Kabla ya kukubali lugha, piga simu tatu: mtu mmoja wa hapa Lamu, mmoja wa Malindi au Mombasa, na mmoja anayefanya kazi kwa mbali, Nairobi au kokote. Waulize swali hilihili: “Nikikuletea tovuti ya mwenzako iliyoandikwa kwa lugha fulani, na mwenyewe hayupo, utaipokea? Kwa siku moja ya kazi unatoza kiasi gani?” Sikiliza sauti zaidi ya maneno. Anayesema “nitajifunza” ni mtu mwema, lakini atajifunza kwa pesa zako.

Tulipopiga simu zetu, kwa PHP wote watatu walikubali. Kwa Python wawili. Kwa JavaScript ya seva, yaani Node, wawili, mmoja akasema “itategemea vifurushi alivyotumia”, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa Ruby na Go, hapana. Huo si utafiti, ni simu tatu za kampuni moja. Zako zinaweza kutoa jibu jingine, na hilo ndilo la kufuata.

Hatua ya 3: Jua seva itakaa wapi

Usiiweke ofisini. Nimeona mtu kaweka kompyuta chini ya meza akaiita seva. Umeme ukikatika, wageni wa dunia nzima wanakatika nao.

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kupanga nafasi kwenye seva ya pamoja, mnakaa wateja wengi ndani ya mashine moja, mnapewa cPanel, ukurasa wa kuendeshea tovuti, na gharama yake ni shilingi elfu chache kwa mwaka. Humo PHP na MySQL vimeshawekwa. Unapakia faili, tovuti inasimama. Anayesasisha mashine ni mwenye seva. Baadhi yao huruhusu Python na Node pia, lakini uliza kwanza, maana mara nyingi huruhusiwa kwa shingo upande.

Ya pili ni kukodi mashine yako ya mtandaoni. Yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 hupatikana kwa dola 5 au 6 kwa mwezi. Hapo unaweka lugha uitakayo, ila sasa wewe ndiye mlinzi: masasisho, ukuta wa usalama, nakala za akiba, kuhakikisha programu imeamka baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa. Programu ya Node au ya Python ni kama mpishi anayetakiwa kusimama jikoni usiku kucha. Akianguka lazima pawe na wa kumwinua. PHP kwa kawaida huamka kwa kila ombi, ikamaliza, ikaondoka, kwa hiyo kosa la ukurasa mmoja haliangushi nyumba nzima. Kampuni isiyo na mtu wa kompyuta ndani yake itaiona tofauti hiyo kila mwezi.

Seva iwe Nairobi au Ulaya? Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua. Kama wateja wako ni watu wa hapa, seva ya Nairobi itabaki karibu nao. Wageni wa yule mama huchagua nyumba wakiwa bado kwao, Italia na Ujerumani, kwa hiyo yake iko Ulaya. Majibu ya M-Pesa hufika vizuri hata hivyo. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti juu ya taarifa za watu zinazotoka nchini, nasi tukaamua kwamba picha za pasipoti hazitapita kwenye tovuti kamwe. Zitazamwe mlangoni mgeni akifika.

Na kasi? Wako watakaokuonyesha majedwali kwamba Go huishinda PHP mara kadhaa. Ni kweli, na haikuhusu. Tovuti yenye wageni mia mbili kwa siku haitaijua tofauti hiyo. Tovuti ya nyumba ilikuwa nzito kwa sababu picha ya paa la makuti ilikuwa ya megabaiti 6, imepakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Tulipozipunguza picha, wakaniuliza nimetumia lugha gani mpya.

Hatua ya 4: Zipime lugha zenyewe

Waandika programu hubishana juu ya lugha kama watu wa mpira. Wazee walishasema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo majembe hayafanani, na kila moja lina mpini wake.

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994 kwa ajili ya kurasa zake mwenyewe, na sura hiyo ya ukurasa wa nyumbani imeifuata muda mrefu. Imebezwa sana, na zamani ilistahili. Lakini PHP 7 ya Desemba 2015 iliongeza kasi mno, na PHP 8 ya mwaka 2020 ni lugha ya watu wazima. WordPress, iliyoandikwa kwa PHP tangu mwaka 2003, hubeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia. Ndiyo maana fundi wake hakosekani. Kwa kazi za kuandikwa upya kuna kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyo tayari, kiitwacho Laravel, kilichotoka mwaka 2011, chenye mpangilio mzuri wa hifadhidata, foleni za kazi, barua pepe na kuingia kwa nywila. Tatizo la PHP ni mafunzo ya zamani yaliyojaa mtandaoni. Fundi akikuonyesha msimbo wenye mysql_query, mshukuru, mlipe nauli, mwage. Amri hizo ziliondolewa mwaka 2015, na mtu anayeziandika leo anawafungulia dirisha wezi wa data.

WordPress yenyewe ina tabia ya kupendeza na ya kuudhi. Inapendeza kwa sababu mwenye tovuti anaweza kuandika mwenyewe. Inaudhi kwa sababu kila shida ina programu-jalizi yake, yaani programu ndogo ya kuchomekwa juu yake, na baada ya mwaka unakuta jalizi 34, nusu yake zimetelekezwa na walioziandika. Wadukuzi huingilia huko zaidi kuliko kwenye WordPress yenyewe. Ukiitumia, jiwekee kikomo. Chetu ni jalizi nane.

Python ni ya Guido van Rossum, 1991, na ndiyo iliyo rahisi kusomeka kwa macho ya mtu mwingine, jambo ambalo kwa fundi wa pili ni zawadi kubwa. Kiunzi chake cha Django kilizaliwa katika gazeti la Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Kwa kuwa kilitengenezewa waandishi wa habari wasiojua programu, kilikuja na ukurasa wa usimamizi unaojijenga wenyewe. Unaeleza kwamba kuna kitu kiitwacho safari, chenye siku, saa, mashua na idadi ya viti, na Django inakupa fomu za kuongeza, kubadilisha na kutafuta, bila kuandika ukurasa hata mmoja. Kumbuka nahodha wetu na maji yake. Kwa Laravel ukurasa huo hupatikana pia kwa kuongeza kifurushi, Filament ndicho nikipendacho, lakini kwa Django umo tangu siku ya kwanza. Django ina matoleo ya muda mrefu yanayotunzwa kwa miaka mitatu, na Python kila toleo hutunzwa mitano. Kampuni isiyotaka kuguswaguswa kila mwaka itapenda hilo. Ubaya wake ni kupangisha: kwenye seva za pamoja za bei rahisi mara nyingi utahangaika.

Node ni JavaScript iliyotolewa kwenye kivinjari na kupelekwa kwenye seva. Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009. Faida yake ni kwamba kijana anayejua JavaScript ya kivinjari hujifunza lugha moja tu. Kwa mazungumzo ya papo kwa papo, kama kuonyesha mashua zilipo ramanini, ni hodari. Hofu yangu ni mlundikano wa vifurushi. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na kazi za watu dunia nzima zikakwama kwa sababu zilikuwa zimekitegemea bila hata kujua. Kanuni za kuondoa vifurushi zilibadilishwa baada ya hapo, lakini tabia ya kutegemea mamia ya vifurushi bado ipo. Ukirudi kwenye mradi wa Node baada ya miaka mitatu, andaa siku nzima ya kuufanya uwake. Fundi wangu wa kwanza akiwa hajui kingine ila JavaScript, nitamkubalia, kwa sharti kwamba atumie vifurushi vichache na toleo lenye utunzaji mrefu.

Ruby on Rails, ya mwaka 2004, naipenda. Laravel imeazima mengi kwake. Lakini simu zangu tatu zilishajibu.

Java na C# ni za mabenki na mashirika yenye idara ya kompyuta. Go vivyo hivyo, ni nyepesi na nzuri, ila kwa tovuti ya nyumba nne ni kuvukia Manda kwa meli.

Jambo dogo linalohusu lugha zote: pesa zisihesabiwe kwa namba za desimali za kawaida za lugha (float). Ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa Python, kwa JavaScript au kwa PHP, ndani kabisa utapata 0.30000000000000004. Hifadhi senti kama namba kamili. Na ukitumia MySQL, chagua mfumo wa herufi wa utf8mb4. Ile iitwayo utf8 tupu hukataa emoji, na wageni hawaandiki maoni bila emoji.

Hatua ya 5: Mpe fundi jaribio la siku moja

Usichague kwa maneno. Mlipe fundi siku moja ya kazi, na akiwa na lugha mbili anazozisifu, mlipe siku mbili. Kazi ya jaribio iwe hii: fomu ya kuweka nafasi ya mashua, iandike kwenye hifadhidata, imwonyeshe nahodha kwenye ukurasa wake, na iombe malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, ile huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu. Daraja ina sehemu ya majaribio isiyotumia pesa halisi. Nayo haijali umeandika kwa lugha gani; inachotaka ni ombi la HTTPS lililo sawa.

Malipo ndipo utakapomjua fundi. Mtiririko ni huu. Seva yako huomba tokeni, yaani kibali cha muda, ambayo hudumu sekunde 3600. Kisha hutuma ombi la STK Push, lile linalomfanya mteja aombwe PIN kwenye simu yake, lenye kiasi katika shilingi kamili na namba ya simu inayoanzia 254. Daraja hujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Fundi mchanga huona jibu hilo akamwandikia mteja “umelipa, asante”. Hajalipa. Simu yake ndiyo kwanza inamwomba PIN. Jibu la kweli hufika baadaye kwenye anwani uliyoitoa, likiwa na msimbo wa matokeo: 0 ni malipo yamepita, 1032 ni mteja ameghairi. Na wakati mwingine jibu hilo huchelewa au halifiki, hasa mteja akiwa yuko majini mtandao unakuja na kuondoka. Kwa hiyo seva lazima iwe na njia ya kuuliza tena hali ya malipo, na isiandike malipo yaleyale mara mbili jibu likija mara mbili.

Jioni keti na fundi. Bonyeza lipa kisha ghairi. Bonyeza lipa, kisha zima simu. Bonyeza mara mbili kwa haraka. Mwambie nahodha abadilishe saa ya safari akitumia simu yake mwenyewe, ileile yenye kioo kilichopasuka. Halafu mwite mmoja wa wale uliowapigia katika hatua ya pili, mpe msimbo, mwombe aongeze kitu kidogo, mathalani sehemu ya kuandika idadi ya watoto. Tazama saa. Kwetu, aliyepewa kazi ya Django alimaliza kwa dakika 40 ilhali hakuwahi kuuona msimbo ule. Aliyepewa ya Node alitumia saa mbili na nusu, nyingi kati ya hizo akisubiri vifurushi vishuke. Mtandao wa siku ile ulikuwa mbaya, nakiri.

Tukaamua: karakana, kurasa tupu. Nyumba, WordPress yenye jalizi ya kalenda inayosoma iCal, kwenye seva ya pamoja. Mashua, Django kwenye mashine ya dola 6. Mpwa wa Nairobi hakufurahi kuona lugha mbili katika kampuni moja, na kwa kawaida ningekuwa upande wake. Lakini kwa kila moja tulikuwa na fundi wa pili mwenye jina na namba ya simu.

Hatua ya 6: Funguo ziwe zako

Fupi lakini usiiruke. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kampuni na barua pepe ya kampuni, si ya fundi. Akaunti ya seva vivyo hivyo, na ile ya Daraja. Msimbo ukae kwenye hazina ya Git, ghala la kutunzia msimbo, iliyofunguliwa na kampuni, fundi akaribishwe ndani kama mgeni. Pawe na karatasi moja, iliyochapishwa, ikieleza toleo la lugha, namna ya kuiwasha tovuti upya, nakala za akiba ziko wapi, na cheti huhuishwa vipi. Yule mama ameifungia karatasi yake kwenye kasha moja na hati za nyumba. Malipo ya mwisho ya fundi yatoke siku fundi wa pili atakapoifuata karatasi hiyo kwenye mashine tupu na tovuti ikasimama.

Andika pia tarehe ambayo toleo lako litaacha kutunzwa. Python 2 iliachwa tarehe 1 Januari 2020 baada ya miaka mingi ya kuonya, na bado kuna waliostuka.

Hatua ya 7: Hamia wakati wa masika

Mwezi wa tano mvua inanyesha, kusi imeanza kuvuma, bahari imechafuka na nyumba nyingi za Shela zimefungwa kwa ukarabati. Huo ndio wakati wa kuhamisha tovuti. Anza na iliyo ndogo. Kwetu ilikuwa karakana. Siku mbili kabla, punguza muda wa kumbukumbu wa DNS, daftari la intaneti linaloonyesha jina la tovuti liko kwenye seva ipi, hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee upesi. Hamisha usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Anwani za zamani za kurasa zielekezwe kwenye mpya, la sivyo Google itawapeleka wageni kwenye ukurasa usiokuwepo. Seva ya zamani iache ikiwa hai siku 30, imezuiwa kuandika, ya kutazama tu.

Asubuhi yake fanya malipo halisi ya shilingi 1 kwa simu yako, na usubiri mpaka uione kwenye ukurasa wa nahodha. Kisha mpigie nahodha, umuulize ameandikiwa saa ngapi.